Shajara ya mradi: rangi za ndege wa Malindi kwenye nguo

9 Desemba

Shangazi aliponisikia nikisema "nguo za rangi za ndege" aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akanitazama. "Mwanangu, hilo si jambo jipya. Hii niliyojifunga umesahau jina lake la pili?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Sisi wa pwani hii twaiita leso, kwa sababu ya zile leso za Kireno zilizokuwa zikiunganishwa kwa sindano zikawa nguo moja. Kwingineko huitwa kanga, na wazee wanasimulia kwamba nguo za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ya ndege kanga. Yaani wanawake wa pwani wamekuwa wakivaa ndege wa mwituni kwa zaidi ya karne moja, nami nilidhani wazo ni langu.

Basi ndege wa kwanza amejichagua mwenyewe. Nimemchukua kororo, yule kanga wa msituni mwenye kishungi, ambaye kule kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke humwona akivuka njia asubuhi na kundi lake. Ni mweusi, mwenye vitone vidogo vya samawati iliyopauka, na shingo tupu ya buluu. Shangazi anayo kaniki ya zamani. Vitone tutavitia kwa sindano, kimoja kimoja.

Kazi yenyewe ni picha sita za sura za watu wa Malindi, kila mmoja na vazi ambalo rangi zake zimetoka kwa ndege mmoja. Nimejiwekea masharti matatu. Kila ndege niwe nimemwona kwa macho yangu, porini, mahali ninapoweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Kila nguo ishonwe hapa hapa Shela kwa shangazi (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu). Na asitumike unyoya hata mmoja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu unyoya kuwa nyara, lakini hata isingekuwepo ningekataa. Mwishoni mwa karne ya 19 yangeyange waliuawa kwa maelfu ili kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani zipate mashada, mpaka wanawake wa Uingereza wakaunda chama cha kupinga, mwaka 1889, pale Manchester. Sitaki kupita njia hiyo hata kwa unyoya niliouokota.

14 Desemba

Hori ya Mida, jioni. Tulifika saa kumi na nusu, maji yanajaa, tukapanda lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Binamu yangu alibeba darubini, mimi nilibeba mkebe wa biskuti ambao shangazi anawekea nyuzi.

Keremkerem wekundu walianza kuingia saa kumi na mbili kasoro. Ni ndege wa kaskazi hawa. Huzaliana mbali, kaskazini ya ikweta, halafu pepo zikigeuka hutushukia pwani na kulala kwenye mikoko makundi makundi. Kwanza watano, kisha thelathini, kisha nikaacha kuhesabu. Kila kundi lililotua, tawi la mkoko liligeuka rangi kama kaa lililopulizwa.

Nilikuja nikiamini keremkerem ni "mwekundu". Nikatoa uzi mwekundu, nikaunyoosha mbele ya macho kisha nikamtazama ndege kwa darubini. Haukufanana naye hata kidogo, uzi ulikuwa na umanjano ndani yake. Nikajaribu waridi iliyokolea, ikawa changa. Damu ya mzee ikawa nzito. Binamu ndiye aliyesokota nyuzi zote tatu pamoja, akaziweka kwenye kiganja, na papo hapo ikawa ndiyo: wekundu unaoegemea zambarau. Nimezifunga fundo na kuzigandisha kwenye daftari hili. Zipo hapa chini ya maandishi.

Kichwa chake ni kijani-buluu, na kiuno samawati ambayo haionekani ila akigeuza mgongo. Halafu ule mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Binamu alisema, "Huyu amepaka wanja." Limeandikwa, na litatumika.

19 Desemba

Siku mbaya. Nilinunua satini sokoni, rangi karibu kabisa na lile fundo la nyuzi. Muuzaji aliapa haichuji. Nikailoweka pamoja na mtandio wa kijani-buluu, na baada ya nusu saa maji ya beseni yalikuwa kama sharubati ya rosela na mtandio umepata mabaka ya zambarau. Shilingi 3,400 zimekwenda. Kosa la kuloweka vyote pamoja ni langu. Kuanzia leo kila kitambaa kinakatwa pembe ya upana wa vidole viwili, kinatiwa maji ya moto, kinakamuliwa juu ya leso nyeupe. Tumepata krepu badala yake. Haing'ai, na nadhani ni afadhali, kwa sababu hata keremkerem hang'ai. Wekundu wake umetulia kama vumbi la mkaa mwekundu, hauna kioo.

2–4 Januari

Picha ya kwanza. Aliyevaa ni binti wa jirani, anauza samaki asubuhi na ana shingo ndefu ambayo nguo ile iliitaka. Gauni la krepu lenye marinda, ushungi wa kijani-buluu, wanja umevutwa mpaka karibu na sikio. Tulisimama kwenye kivuli cha ukuta wa mawe ya matumbawe, saa mbili asubuhi.

Nilipofungua picha kwenye kompyuta nilitaka kulia. Uso mzuri, ushungi mzuri, lakini gauni limekuwa kipande kimoja cha karatasi nyekundu. Marinda yote ambayo shangazi aliyapiga pasi kwa saa nzima yalikuwa hayapo.

Naeleza sababu, maana imenichukua siku mbili kuielewa na huenda mwingine akapata shida hiyo hiyo na leso nyekundu au gauni la bibi harusi. Kamera hupokea mwanga kwa vijicho vya aina tatu, vya nyekundu, vya kijani na vya buluu. Kitambaa chekundu kikali hujaza vile vya nyekundu mpaka vikafurika, na viwili vingine havijashiba hata nusu. Kipimo cha kamera kinatazama jumla, kinasema hali ni shwari. Kumbe palipofurika, kivuli cha rinda na mwanga wa rinda vimekuwa kitu kimoja, na huwezi kuvitenganisha tena baadaye. Dawa yake ni kufungua histogramu, ile chati ya mwanga, ya kila rangi peke yake, kutazama ile nyekundu, na kupunguza mwanga mpaka iache kugonga ukuta wa kulia. Mimi nilipunguza zaidi kidogo ya hatua moja nzima.

Tulirudia keshokutwa yake, saa ile ile. Uso ukawa giza, bila shaka, kwa hiyo binamu akashika shuka jeupe upande wa pili na kurudisha mwanga shavuni. Marinda yamerudi. Ninaweza kuyahesabu.

11 Januari

Mida tena, safari hii kwa ajili ya mdiria wa mikoko, yule wa buluu na kijivu mwenye mdomo mwekundu. Tulimwona kwa mbali, dakika chache tu. Lakini kilichonibadilishia mradi huu kilikuwa chini, mchangani, maji yalipokupwa: unyoya mmoja wa buluu, hauzidi kidole changu cha mwisho.

Niliinama, nikauinua kwa ncha za vidole nikauelekeza juani. Buluu ikatoweka. Uliokuwa mkononi mwangu ni unyoya wa hudhurungi, wa kawaida, kama wa kuku. Nikaugeuza jua likawa nyuma yangu, buluu ikarudi yote. Nikaurudia mara nne au tano, magoti mchangani, kisha nikauacha pale pale.

Ndege hawa hawana rangi ya buluu. Namaanisha hakuna ndani ya unyoya chembe ya buluu ambayo ungeweza kuisaga na kuitia kwenye beseni. Ukiusaga unyoya ule utapata unga wa rangi ya udongo. Unyoya umejengwa kwa dutu ya jamii moja na ile ya kucha zetu, na ndani yake mna vitundu vya hewa vidogo kupita kiasi, vimepangika kwa namna ambayo mwanga ukiingia, sehemu ya buluu ndiyo inayorushwa nje. Chini yake weusi unameza mwanga uliobaki. Buluu ya mdiria ni kazi ya ujenzi.

Sasa naelewa kwa nini kila kitambaa cha buluu nilichokiweka kando ya picha ya ndege kilionekana kimelala. Rangi ya kutia hula mwanga. Unyoya huurudisha.

Jioni nilimweleza shangazi hayo, nikamwambia chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, atanishinda, maana chozi ndiye bingwa wa mambo haya. Yule dume mwenye mshipi wa zambarau kifuani humwona kwenye maua ya mkomamanga wetu. Akiwa huku ni kijani, akigeuka ni dhahabu, akigeuka tena ni mweusi. Shangazi hakunijibu. Alikwenda kwenye kasha, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya gazeti, akakitikisa mara moja tu mbele ya taa. Kilikuwa kijani. Kikaanguka, kikawa zambarau.

Ni hariri iliyofumwa mtande (nyuzi za urefu) wa rangi moja na mshindio (nyuzi za kukingama) wa rangi nyingine. Marehemu mumewe alimletea alipokuwa baharia, naye hakuwahi kuikata. Ipo mita moja na nusu. Nilimwambia siwezi kuipokea. Akasema, "Nimeiweka miaka thelathini nikingoja sababu."

Mita moja na nusu haitoshi gauni, na hilo limetuongoza vizuri kuliko ningekuwa na jora zima. Chozi mwenyewe hang'ai mwili mzima, ukipita mshipi wa kifuani tumbo ni jeusi tii. Kwa hiyo hariri itakaa mabegani na kifuani basi, na kuanzia hapo chini ni kaniki.

20–24 Januari

Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya mji. Maji ya hapo ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa udongo ambao mto unateremsha kutoka bara. Heroe, wale flamingo, walikuwa upande wa pili wa kisiwa cha tope. Tuliwatazama kwa mbali. Wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja ujue umeshakaribia mno, basi rudi nyuma.

Uwaridi wao unatokana na chakula, mwani na viduduvidudu vya majini, na makinda yao ni ya kijivu. Kwa kuwa rangi inaingia polepole, nilitaka nguo ifanye vivyo hivyo: melimeli tano, kila moja imekaa kwenye beseni la rangi muda mrefu kuliko iliyotangulia, zikapangwa moja juu ya nyingine, nyeupe ikiwa nje.

Picha imepigwa tarehe 24. Ni tamu mno na sijaipenda. Waridi kila mahali kama keki. Nimesahau weusi wa mabawa, na nimeusahau ule wekundu wa moto ambao heroe anauficha chini ya bawa mpaka aruke. Nitairudia. Zile melimeli zimefuliwa.

4 Februari

Gede. Nimekuja mara ya tatu kwa ajili ya kulukulu.

Niliketi chini ya mti mkubwa karibu na magofu tangu saa moja asubuhi. Sauti yake unaisikia kabla ya kumwona, nzito, inakwaruza, inapanda na kushuka, na huwezi kuamini imetoka kwa ndege mzuri vile. Halafu anatokea. Hatembei kama ndege wengine. Anakimbia juu ya tawi kama kindi, anasimama, anakimbia tena. Kijani mwili mzima, kichwani kishungi chenye wekundu na ncha nyeupe, duara jekundu kuzunguka jicho. Nikiwa nimeshaandika "kijani" kwenye daftari na kuchora gauni la kijani, akaruka kwenda mti wa pili.

Mabawa yakafunguka, mekundu. Wekundu mzito, mpana, kutoka bega hadi ncha. Akatua, akayafunga, akawa kijani tena kana kwamba hakuna lililotokea. Labda sekunde mbili.

Nimekaa pale mpaka saa nne na ameruka mara sita tu. Saa tatu nzima za kijani kwa sekunde kumi na mbili za nyekundu. Na ukiniuliza sasa hivi kulukulu ana rangi gani, nitakwambia nyekundu kabla sijafikiri.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na mkanda mwekundu kiunoni na kola nyekundu. Nimeuchana. Wekundu wote unakwenda kwenye bitana ya mikono. Gauni la chanikiwiti, mikono mipana kama ya joho, ndani bitana ya damu ya mzee. Mtu akisimama mikono chini, usijue.

Wekundu wa kulukulu si wa chakula kama wa heroe, wala si wa mwanga kama buluu ya mdiria. Ni rangi halisi yenye shaba ndani yake, na haipatikani kwa ndege wengine ila ukoo huu. Mwanakemia Arthur Herbert Church aliichunguza huko Uingereza na kuipa jina mwaka 1869. Hata kijani chao ni rangi yenyewe, ilhali ndege wengi wa kijani wameundwa kwa manjano iliyolala juu ya buluu ya mwanga. Nilipomweleza shangazi habari ya shaba, alikwenda kubadilisha uzi wa bitana akaweka wenye wekundu wa sufuria ya zamani. Ukiutazama kwa karibu kwenye mshono, unatofautiana kidogo tu na kitambaa. Mimi naupenda sana mshono ule.

15 Februari

Bundi wa Sokoke ameleta maneno nyumbani. Nilitaka vazi moja lisilo na rangi za kelele, na bundi huyu mdogo, hazidi shubiri, ndiye hasa: kuna wa kijivu, kuna wa hudhurungi, kuna wa rangi ya kutu, wote ndege wale wale. Ulimwengu wa sayansi ulimfahamu miaka ya 1960 tu, na msitu wetu ni mmoja kati ya sehemu chache kabisa anamoishi. Lakini kijana niliyemwomba avae, mama yake amekataa. Bundi ni uchuro, asema, na hataki mwanawe apigwe picha kwa jina lake.

Sikubishana naye. Ni mama, na hofu hiyo hakuitunga yeye. Nimekwenda kwa mzee mmoja aliyetembeza wageni msituni kwa miaka mingi, ndiye aliyenionyesha bundi hao wakiwa wamelala mchana, wawili wameegemeana kwenye kijiti. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka, akasema, "Binti yangu, bundi huyu amesomesha watoto wangu wanne. Leta hiyo kanzu." Marikani tumeipika kwenye chai ya strungi, mara tatu, ikatoka na rangi ya jani lililokauka.

28 Februari

Picha ya kulukulu, uani kwa shangazi. Aliyevaa ni mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo, mtulivu. Ushungi wa kijani una pindo jekundu na ukingo mweupe mwembamba.

Kwa saa nzima hatukupata kitu. Nilikuwa namwambia, "Dada, inua mkono," naye anainua, na mkono unakaa kama wa askari wa barabarani. Wekundu ulionekana, ndiyo, lakini ulionekana kama tangazo. Halafu shangazi akasema kwa nini asianike zile nguo. Zile melimeli tano za heroe zilikuwa kwenye beseni tena, mbichi. Tukafunga kamba kutoka kwenye mkomamanga hadi dirishani. Mwalimu akaanza kuanika, kama anavyoanika kwake kila Jumamosi, nami nikarudi nyuma nikanyamaza.

Anainama, kijani. Ananyoosha mkono kufikia kamba, bitana inafunguka, kisha mkono unashuka. Kasi ya 1/500, picha 34, na kwenye tatu tu mkono umefika juu huku uso umegeukia kwangu. Kwenye moja ya hizo tatu wekundu wa bitana umepiga chini ya taya yake, mwanga mdogo wa joto kwenye ngozi nyeusi. Kwenye picha za Januari ningeuondoa kwa kompyuta. Huu nauacha.

Kuna kasoro moja. Mikono ikiwa chini, bitana ya kulia inachungulia kwa upana wa kidole. Nilimwambia shangazi haidhuru. Ameshaanza kufumua.

Hali ya kazi leo: keremkerem tayari, kororo na chozi zimepigwa ila sijachagua, kulukulu anarudiwa Jumamosi kwa ajili ya bitana, heroe anaanza upya na utepe mweusi, na mzee wa bundi anatusubiri njia ya msituni ikikauka.